Muziki wa Kijerumani Uliotoka Jamhuri

Phoebe Namalwa alikuwa karani wa wakili Daksha, katikati ya jiji la Nairobi, na hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba alikuwa pia na lebo ya muziki. Lebo yenyewe haikuwa na studio, wala hata kibao mlangoni. Ilikuwa tovuti tu, aliyoiita Mvuke, ambako aliweka muziki wa kompyuta wa watu waliokataliwa na kila redio. Mtu yeyote aliweza kuupakua bure. Sharti lilikuwa moja: ukiutumia, mtaje aliyeutunga.

Wasikilizaji wengi walikuwa Poland na Japani. Nairobi walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa Namalwa mwenyewe, kwa simu na kwa kompyuta.

Msanii aliyemwamini kuliko wote alikuwa Mbaluka, fundi wa friji wa mtaa wa Jamhuri. Huyo alirekodi milango ya kichinjio huko Dagoretti ikigongana, akaipunguza mwendo hadi ikasikika kama ngoma zinazopigwa chini ya maji.

Desemba iliyopita, Daksha aliwapeleka wafanyakazi wake kula chakula cha mchana Karen, mtaa wa matajiri. Supu ilipofika tu, kijiko cha Namalwa kikasimama hewani. Kwenye spika za mkahawa, milango ya Dagoretti ilikuwa inagongana.

"Muziki mtamu huu," Daksha akamwambia meneja. "Ni wa nani?"

Meneja akanyoosha tai. "Hii ni ya Ujerumani, madam. Huku hatuwekangi vitu za mtaa."

"Ni ya Jamhuri," Namalwa akasema.

Meneja akamtazama kwa huruma. "Dada, Jamhuri hakuna mtu wa kutengeneza kitu kama hii."

"Basi ngoja kidogo. Saa hii kuna mama ataita."

Meza nzima ikatega masikio. Milango ikagongana, ikafifia, kisha sauti ya mwanamke ikajaa mkahawani: "Mbaluka! Zima gesi, chai inamwagika!"

Mhudumu mmoja akakimbilia jikoni.

"Wajerumani siku hizi," meneja akasema polepole, "wamejua Kiswahili sana."

Daksha alicheka mpaka akafuta machozi. Alipotulia, Namalwa akamweleza habari za Mvuke na sharti lake, na uwakili ukamrudia. "Hilo sharti lako la kumtaja mtungaji, umeliandika mahali?"

"Nimeliandika, madam."

Kesho yake barua ikaenda Karen, na baada ya wiki moja kila meza ya mkahawa ilikuwa na kadi ndogo: *Muziki: Mbaluka wa Jamhuri, lebo ya Mvuke.*

Namalwa aliomba kadi moja akaipeleka Jamhuri. Mbaluka aliisoma mara mbili. Mama yake akamnyang'anya, akaisoma, akaigeuza upande wa pili, akamgeukia Namalwa.

"Na mimi niliyeimba," akauliza, "jina langu liko wapi?"

Barua ya pili Namalwa aliiandika hapohapo, mama huyo akimsimamia begani.