Njiti Mbili Juu ya Fidla

Mume wangu alikuwa mpiga fidla Unguja. Mimi nilikuwa mke wa mpiga fidla, basi. Wajukuu zangu wa Al-Khuwair, hapa Maskati, wanadhani nyumba nzima tulikuwa watu wa taarabu. Hapana. Mimi nilipika, nilishona, na nilimfulia kanzu zake zikirudi na harufu ya sigara za watu.

Tulikuja Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi. Fidla ilikuja imefungwa ndani ya kanga zangu. Tukapata vyumba viwili na ua kule Matrah, akaiweka juu ya sanduku la nguo, na hapo ikakaa. Nilidhani anaogopa, maana siku zile muziki wa hadharani haukuwa na ruhusa. Lakini hata ndani, mlango umefungwa, hakuigusa. Nikimuuliza, ananijibu kwa mkato.

"Fidla peke yake itamlilia nani, bibi? Wenzangu wako wapi?"

Wenzake walitawanyika. Mmoja Dubai, mmoja Mombasa, mmoja tulisikia keshakufa, na mpigaji wa kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, hatukusikia habari zake. Kwa hivyo niliiacha fidla pale juu ya sanduku. Lakini nilikuwa namwona baada ya alasiri, kakaa uani, vidole vya mkono wa kushoto vinagonga goti, vinapiga wimbo mzima ambao mimi siusikii. Mimi ndiye niliyekuwa nnataka ile fidla ishuke. Si kwa starehe. Nilimwona mtu wangu ananiondokea hali yuko mbele yangu.

Akapata kazi ya jikoni kwenye kambi ya watu wa mafuta. Mimi nikapata kushona mashati yao yaliyochanika, na kila Alkhamisi nilikwenda naye kwa gari ya kambi kurudisha nguo. Huko ndiko alikokuwako Mmarekani mmoja, mchomeleaji wa mabomba, mrefu, masikio yameungua jua.

Siku ya kwanza nilikuwa barazani nakunja mashati, nikasikia fidla. Nikadhani ni bwana wangu. Nikageuka, nikamwona yule Mmarekani juu ya kasha, fidla kaiegemeza kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, mguu unagonga mbao. Upinde wake ulikuwa unapita juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja unasema, mmoja unavuma chini yake kama nyuki. Haikunipendeza, nasema kweli. Ilikuwa kavu, ina haraka, haina maringo ya kwetu. Lakini bwana alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Anaishika vibaya," akasema.

"Na wewe unayeishika vizuri, yako iko wapi?"

Akanitupia jicho, akarudi kwenye mchuzi wake.

Alkhamisi zilizofuata bwana akawa anamsogelea yule Mmarekani. Bwana alikuwa na Kiingereza cha bandarini, na yule mtu alisema taratibu. Kwao ni milimani, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Muziki hakuusoma popote, kaupokea kwa watu wake. Na kabla ya kila wimbo lazima aseme kaupokea kwa nani: huu wa babu yake, huu wa jirani kipofu, huu wa mjomba aliyefia mgodini. Bila ya kusema hapigi.

Bwana aliponigeuzia kwa Kiswahili nikamwambia, "Basi anawasomea maiti wake khitma huyu."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kicheko kile sikukisikia tangu Unguja.

Mmarekani akasema watoto wake hawazitaki nyimbo hizo, wanataka za kwenye redio. Halafu akasema jambo ambalo bwana aliliona la wazimu. Kwao, mpigaji akikosa kikundi, mkewe au mama yake hukaa ubavuni pake na vijiti viwili vyembamba, akazigonga nyuzi zilezile za fidla wakati mwenyewe anapiga. Bibi yake, mke wa yule babu, alikuwa akitumia sindano za kufumia. Tangu bibi yule afe, hakumpata mwengine wa kumgongea.

"Atanikatia nyuzi," bwana akasema, kama kwamba kuna mtu kamwomba. "Na hapa nitazipata wapi nyengine?"

"Mkeo ajaribu kwa yangu."

"Mke wangu hapigi muziki."

"Hata bibi yangu hakuwa akipiga muziki. Akigonga tu."

Nikamuuliza bwana wanasema nini. Akasitasita, akanambia. Nikainuka. Palikuwa na ufagio wa mtende pembeni mwa mlango. Nikachomoa njiti mbili, nikazivunja zikawa sawa.

"Haya, twaa fidla yake," nikamwambia.

"Nani, mimi?"

"Kwani nikae ubavuni mwa mwanamme wa watu? Twaa wewe, au twende zetu."

Mmarekani keshamnyooshea. Bwana akaipokea, akaifuta kwa kanzu, akaiweka shingoni. Sauti ya mwanzo ilikuwa ya mlango mbovu. Vidole vilikuwa vimekauka. Mmarekani akanionesha kwa mbali pa kugonga, baina ya upinde na vidole, nami nikagonga.

"Taratibu! Unatwanga kisamvu?"

"Piga wewe. Maneno baadaye."

Akapiga. Mimi sikufundishwa mdundo na mtu, lakini nilikaa nyuma ya pazia la wanawake kwenye harusi nyingi, na mdundo wa kidumbaki, ile ngoma ya harusini, ulikuwa umo mikononi mwangu bila ya mimi kujua. Mmarekani alitugeuzia mgongo, akatazama jabali, akavua kofia yake akajifutia uso.

Ijumaa yake, baada ya alasiri, bwana aliishusha fidla yetu mwenyewe. Nilifunga madirisha, nikachukua njiti zangu. Hatukufika mbali, mlango ukagongwa. Jirani yetu, mwanamke wa Qurayyat mwenye ulimi mkali, kasimama mikono kiunoni.

"Mna harusi humu? Mbona mimi sikualikwa?"

"Ingia ukae, ufunge na mdomo wako."

Akaingia, akakaa.

Bwana akaanza wimbo mrefu, ule waliokuwa wakifungulia kila shughuli. Ukaenda vizuri mpaka katikati, ghafla akauondoa upinde. Mimi naendelea kugonga, namtazama.

"Umesahau?" nikamuuliza.

"Sijasahau. Hapa anaingia mwenzangu wa kanuni."

Jirani akafungua mdomo, nikamkodolea macho, akaufumba. Njiti zikawa zinagonga peke yake mle chumbani, na kanuni haikuingia. Halafu bwana akaupokea wimbo pale ambapo yule mwenzake angeuachia, akaumaliza.

Tuliupiga mara nyingi baadaye, hata Mmarekani alipokwisha kurudi kwao. Pahala pale hakupajaza hata siku moja, na angeweza, mkono ulikuwa umesharudi. Alikuwa anangoja kwa kadiri ya zamu ya mwenzake, kainamisha kichwa, na mimi ndiye niliyemshikia mdundo mpaka amalize kungoja.