Kioo cha Upande wa Dereva

Viti vya ile Opel ya kijani alivishona Gerlinde Hafner mwenyewe. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa kushona viti vya magari kwenye karakana moja kijijini kwao, karibu na mji wa Ulm, na humo ndimo alimompata Reinhold, fundi wa injini, mtu wa maneno machache ambaye alimchumbia kwa kumletea pakiti ya sindano nzuri wakati wasichana wengine wanapelekewa maua. Fungate yao waliila barabarani. Walivuka milima wakashukia Italia, wakalala kwenye gari, wakaoga ziwani. Tangu mwaka ule, kila theluji ikishayeyuka vileleni, walivuka tena pamoja na wenzao wa chama cha magari ya zamani. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda zao. Safari ikabaki palepale.

Ndani ya gari kila mtu alikuwa na kazi yake. Reinhold aliendesha. Gerlinde alikaa kulia kwake, karatasi za njia mapajani, kikapu cha mayai ya kuchemsha na mkate miguuni, na medali ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, ikining'inia mbele ya macho yake. Alikuwa mtu wa kanisa, haondoki mahali bila kuomba. Chama kile hakitaki mashine zinazomsemea mtu njia. Traudel, mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe, husema gari la zamani lisemeshwe na binadamu.

Na walikuwa na kanuni moja iliyokuwa kama amri ya kumi na moja kwao. Kila gari linamtunza wa nyuma yake. Ukifika njia panda ambapo msafara unakata kona, simama. Usikate mpaka umwone wa nyuma kwenye kioo. Na wewe ukifika njia panda usikute mtu amesimama, basi nyooka, usikate kona popote. Kwa mtindo huo walikuwa wamezunguka nusu ya Ulaya bila kumpoteza mtu.

Gari la mkia, lile la mwisho kabisa, lilikuwa la Wendelin Rapp. Wendelin na Reinhold walikua pamoja, wakajifunza ufundi pamoja, na Wendelin ndiye aliyesimamia ndoa yao. Mkewe alipofariki, watu walidhani ataacha safari. Hakuacha. Alipanda peke yake, kiti cha pembeni kikiwa na mto wa marehemu, bila mtu wa kumsomea njia. "Ya nini?" alikuwa akisema. "Mbele yangu yuko Reinhold. Reinhold ataningoja."

Sasa, wakati wa baridi, Reinhold alianza kukosea mambo madogo. Alimwaga kahawa pembeni ya kikombe. Kanisani alikuwa anaimba nyimbo kwa kichwa, kitabu amekishika tu. Daktari wa macho alimwambia kuna doa limeota katikati ya macho yote mawili, na litakua. Pembeni ataona, mbele hataona vizuri. Asiendeshe tena.

Aliporudi nyumbani alimshika Gerlinde mikono yote miwili.

"Linde, safari moja tu. Ya mwisho. Halafu funguo nitakupa mwenyewe."

"Daktari amekataa, Reinhold."

"Daktari hajui kuwa nina wewe. Niapie hutamwambia mtu. Hata Wendelin."

Akaapa. Kiapo kwake hakikuwa neno la kutupa. Na tuseme ukweli wote: kulikuwa na utamu ndani yake. Mume aliyekuwa anakaa kimya toka chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku, sasa alimwuliza kila kitu. Nini kile mbele? Taa ni nyekundu? Yule ni mtoto au mbwa? Waliongea mwaka ule kuliko miaka yote ya ndoa yao. Usiku Gerlinde alipiga magoti akamwomba Mungu amsamehe kwa kufurahia.

Basi Juni wakaondoka. Gerlinde akawa macho ya gari. "Polepole, kuna baiskeli. Kona ya kushoto, kali. Lori linakuja, kaa kulia, kaa kulia." Madirisha yalikuwa wazi, na wenzao walisikia.

"Reinhold!" Traudel alimpigia kelele kwenye kituo cha mafuta. "Mkeo anakuendesha kama ng'ombe wa jembe!"

"Ng'ombe hafanyi makosa akiwa na bwana mzuri," Reinhold akajibu, na wote wakacheka. Wendelin alicheka kuliko wote, akampiga Gerlinde begani. "Shemeji, na mimi nitafutie mmoja wa kunifokea hivyo. Nyumbani kwangu kimya mno."

Gerlinde naye alicheka, akainamia karatasi za njia.

Siku waliyovuka mlima wa Brenner kuingia Italia mvua ilikuwa inanyesha, nyembamba, ya kuchosha. Nje ya mji wa Sterzing kuna njia panda: ukinyooka unaupanda mlima wa Penser, ukikata kulia unaupanda wa Jaufen. Msafara ulikuwa unakwenda Jaufen. Magari ya mbele yalikata, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Zamu ya Opel ilipofika, Reinhold akasimama kama kawaida.

Hapo ndipo lilipokuwa tundu ambalo wote wawili hawakuliwaza. Gari lile ni la zamani, lina kioo kimoja tu nje, upande wa dereva, na kile cha ndani nacho kimeelekezwa kwa dereva. Gerlinde alikuwa macho ya mbele. Macho ya nyuma hayakuwepo. Angegeuka, lakini dirisha la nyuma lilikuwa limefunikwa na ukungu wa pumzi zao, na mikononi alikuwa na yai amelimenya nusu.

"Yuko?" aliuliza.

Reinhold aliinamia kioo, akageuza kichwa pembeni kidogo, kama kuku anavyotazama punje. "Namwona. Taa zake zile."

"Una hakika?"

"Linde, nimemwona Wendelin kwenye kioo hiki tangu tukiwa na nywele."

Akakata kona. Walipokuwa wamepanda kidogo, gari lenye zile taa likawafikia, likapiga honi, likawapita. Lilikuwa lori la maziwa.

Gerlinde akaliacha yai kikapuni. "Reinhold, turudi."

"Atakuwa nyuma ya lori."

"Turudi."

"Barabara hii nitageuzia wapi?" akafoka. Kweli, ukungu ulikuwa umeshuka, kushoto ni korongo, na kumgeuzisha gari hapo mtu asiyeona mbele ilikuwa kutafuta kifo. Wakaendelea. Alimsomea kona moja baada ya nyingine hadi kileleni na kushuka ng'ambo, na kati ya kona na kona alikuwa anasali.

Kwenye nyumba ya wageni, juu kidogo ya mji wa Mtakatifu Leonhard, waliegesha, wakangoja. Wendelin hakutokea. Traudel alitoka na gari lake kumtafuta, akarudi mikono mitupu. Ilikuwa saa ya chakula cha jioni, bakuli za mchuzi zimeshaletwa, ndipo trekta liliposimama uani likivuta gari la Wendelin, na mwenyewe akashuka, ameloa mpaka kwenye nguo za ndani, midomo ya bluu. Alikuwa amefika njia panda, hakukuta mtu, akanyooka kama kanuni inavyosema. Juu ya Penser, katika ukungu, alijaribu kugeuza, gurudumu likaingia mtaroni. Alikaa humo mchana kutwa hadi mkulima mmoja alipomvuta.

Walimfunika mablanketi, wakamkalisha karibu na jiko. Hofu ilipoisha, maneno yakaanza.

"Babu, ulikuwa unaota?" akasema Traudel. "Njia panda kubwa kama ile?"

"Alifuata harufu ya jibini," mwingine akatania.

"Hapakuwa na mtu," Wendelin akasema. "Nilifika, hapakuwa na mtu."

Meza nzima ikamgeukia Reinhold. Naye alikuwa anatazama mchuzi wake, au pembeni ya mchuzi wake.

"Nilisimama," alisema. "Nilikuona kwenye kioo."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia Reinhold Hafner akisema uongo. Hata Wendelin mwenyewe. Gerlinde alimwona Wendelin akijishika paji la uso, polepole, kama mtu anayepapasa kama kichwa chake bado kipo.

"Basi labda nilisinzia," akasema. "Labda nimewapita mmesimama na sikuwaona. Mama yangu alianza hivyohivyo. Alitoka kununua unga, tukamkuta mji wa pili, hajui jina lake."

Sasa hakuna aliyecheka. Traudel akalainisha sauti, na ulaini ule ulikuwa mbaya kuliko utani. "Wendelin, tusikudanganye. Mkia utachukuliwa na mtu mwingine. Na tukifika nyumbani, umwone daktari."

"Nitaliuza gari," Wendelin akasema. "Afadhali niliuze nikiwa bado najua kuwa ni langu."

Gerlinde alifungua mdomo. Chini ya meza, mkono wa Reinhold ukaushika wake, ukaubana. Kiapo. Akafunga mdomo, akatoka nje, akasimama kwenye mvua kando ya ile Opel.

Baadaye, Reinhold alipomfuata chumbani, hakumwangalia mkewe. "Nitamwambia tukifika nyumbani."

"Umemsikia alichosema kuhusu mama yake?"

"Nimesikia."

"Anakwenda kulala leo akiamini ndio mwanzo wake. Atalala peke yake na jambo hilo, Reinhold. Hana hata wa kumshika mkono."

Reinhold akazima taa. Walilala migongo ikitazamana, na Gerlinde hakupata maneno ya sala. Alibaki kusema, Bwana, Bwana, basi.

Asubuhi kulikuwa na jua, milima imeoshwa. Magari yalipangwa kwenye mteremko, injini zikinguruma, la Wendelin limewekwa katikati kama la mgonjwa. Reinhold aliingia, akafunga mkanda, akawasha, akangoja mlango wa kulia ufungwe. Haukufungwa. Gerlinde alikuwa amesimama nje, kikapu mkononi.

"Panda, Linde."

"Sipandi."

"Watu wanangoja."

"Waone kama nilivyokuwa naona mimi. Niliapa kwamba sitasema, na sisemi. Lakini sikuapa kuwa nitapanda."

Traudel akapiga honi. "Nyie maharusi! Ugomvi mtaumalizia Meran!"

Magari ya mbele yakaanza kuteremka, yakapotea kwenye kona. Opel haikusogea. Reinhold aliushika usukani kwa mikono yote miwili, akitazama mbele, na Gerlinde akijua kinachotazamwa pale: doa la kijivu, na kingo za majani kandokando yake. Nyuma waliendelea kupiga honi, kisha wakanyamaza. Alitaka kumwonea huruma. Alimwonea huruma sana. Hakupanda.

Mwisho Reinhold alizima injini. Akashuka, akaenda nyuma akipapasa boneti ya gari moja baada ya jingine, na waliokuwa ndani wakaangaliana, kwa kuwa sasa waliliona jambo lenyewe bila kuambiwa. Akafika kwenye dirisha la Wendelin.

"Wendelin. Sikukuona jana. Niliona taa za lori la maziwa. Siku hizi sioni uso wa mtu, nakuona masikio tu."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi."

Gerlinde, aliyekuwa amesogea, akasikia saa ya kanisa la bondeni ikigonga.

"Macho ningekusamehe," Wendelin alisema. "Ningekuwekea hata kamba nikuvute. Lakini jana ulikaa mezani, ukanisikia nikijiita mwehu, ukaendelea kula."

"Sikula."

"Ulikaa!" Akamgeukia Gerlinde. "Na wewe, shemeji? Wewe uliyenifulia mashati tangu nilipofiwa?"

Gerlinde alikuwa na jibu, lile la kiapo, lakini alipolitazama akaona ni dogo. "Na mimi nilikaa," akasema.

Wendelin alipandisha kioo. "Nendeni. Mimi narudi nyumbani."

Wengine waliokuwa nyuma wakawapita taratibu, wakipunga mikono bila kujua wanapunga nini. Gerlinde alichukua funguo kwenye kiganja cha mumewe, zilikuwa na joto, akakaa kwenye kiti ambacho alikishona mwenyewe na hajawahi kukikalia gari likitembea. Akavuta kiti mbele. Akageuza kioo kikamfuata yeye. Gia ya kwanza ililia, Reinhold akakunja uso.

Chini, katika mji wa Mtakatifu Leonhard, njia inagawanyika: kushoto Meran, ambako wenzao wamekwenda, kulia mlima wa Timmel, njia fupi ya kurudi nyumbani. Gerlinde akasogeza gari pembeni, akasimama.

"Unangoja nani?" Reinhold aliuliza. "Amesema anarudi."

"Lazima apite hapa. Kushoto au kulia, atapita hapa."

"Na akikata kulia?"

"Nitakuwa nimemwona. Na yeye ataona kuwa tumesimama."

Reinhold akaweka karatasi za njia mapajani, ambazo hakuweza kuzisoma, akazinyoosha kwa kiganja. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya chini, "Yuko?"

Gerlinde akatazama kioo, akamweleza yote yaliyokuwemo: basi la shule, mama mwenye mkokoteni, mbwa, barabara iliyolowa ikipanda hadi kwenye kona.

"Bado," akasema, akazima injini.