Mwano Asiousikia

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyeshtakiwa, mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka tisa, niliyemwambia abaki nyumbani akatufuata, na baba yetu mdogo, aliyevaa koti la marehemu baba. Upande wa pili alikuwepo mzee wa Kisukuma aliyeibiwa ng'ombe wanne, na pembeni yake kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Katikati, juu ya kreti ya soda, alikaa mwenye duka wa Kibaoni. Huyo aliitwa atafsiri, kwa sababu mzee hakujua Kiswahili na sisi hatukujua Kisukuma. Waliobaki walikuwa vijana wa sungusungu wenye pinde na fimbo, wamekaa chini mbele ya ghala la kijiji.

Sisi ni Wapimbwe, wenyeji wa upande wa Mamba. Nilipokuwa mdogo, Wasukuma kwetu walikuwa wa kuhesabu. Kufika katikati ya miaka ya tisini walikuwa wengi, wamekuja na ng'ombe zao kutoka Shinyanga na Mwanza, wamefyeka pori, wanalima mpunga kuliko sisi. Watoto wao walikipata Kiswahili shuleni. Wazee walikaa miaka na neno mojamoja tu. Gulioni ungemwona mzee anaonyesha chumvi kwa kidole, anatoa noti, anapokea chenji bila kuuliza, anaondoka. Nilikuwa nawaonea huruma, maana kazi hiyo ya vidole niliijua. Nyumbani kwetu tuliifanya kila siku.

Mdogo wangu alipoteza masikio akiwa na miaka minne. Ilikuwa homa. Mama alimpeleka Mpanda juu ya lori la mahindi, wakakaa hospitali wiki tatu, akarudi amepona, ila tulipomwita hakugeuka. Maneno aliyokuwa nayo yakamtoka kidogo kidogo mpaka akabaki na sauti tu. Shule ya viziwi tulisikia iko Tabora, na nauli ya Tabora hatukuwa nayo. Baba alifariki, halafu mama, mimi nikiwa darasa la tano. Niliacha shule. Hakuna aliyenilazimisha, niliangalia sufuria nikaona hakuna mwingine wa kuiinjika.

Alama zetu tulizitunga wenyewe. Ng'ombe ni pembe mbili kichwani. Mvua ni vidole vinavyoshuka. Mama ni mkono unaofunga kilemba, na alama hiyo tuliendelea kuitumia hata baada ya mama kuondoka. Kwa shamba, chakula, ugonjwa na kuchota maji zilitutosha. Kijijini walimwita bubu. Walidhani amekosa ulimi tu. Kwamba hasikii, wengi hawakuwahi kujiuliza, kwa sababu alisoma nyuso za watu upesi mno, ukimwambia jambo analifanya kabla hujamaliza.

Sasa nieleze kosa langu. Sungusungu walipokuja kuandikisha, kila nyumba ilitakiwa kutoa mwanaume mmoja. Nyumba isiyotoa haikuwa na haki ya kulalamika ikivamiwa. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na sita, ameshanizidi urefu. Nilimshika bega nikamsogeza mbele.

"Jina?" kamanda aliuliza.

Nikalitaja mimi.

"Mbona hajibu mwenyewe?"

"Ana aibu," nilisema.

Watu wakacheka, kamanda akaandika. Ningesema kiziwi, sisi tungeandikwa nyumba ya wanawake. Sikutaka hivyo. Nilitaka kwetu pahesabiwe kama kwa watu wengine.

Sheria yao ya kwanza ni mwano. Mwano ni yowe linalopigwa mtu akiibiwa, na kila anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, boma kwa boma, mpaka nchi nzima imesimama. Ukiwa unakula, unaacha. Ukiwa unalima, unaacha. Asiyekwenda anahesabiwa yuko na wezi. Nilimfundisha mdogo wangu kwa mikono: ukiona watu wanakimbia, na wewe kimbia. Mara mbili alifanya hivyo. Mara moja alirudi jioni ana furaha, ananionyesha walivyomvusha mto.

Mara ya tatu mbele yake hakukuwa na mtu anayekimbia. Ilikuwa mwanzo wa mvua, wakati wa kulima. Alikuwa anaswaga maksai sita za mwenye duka kwenda shambani, kibarua alichokifanya msimu mzima. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Ng'ombe za mzee zilikuwa zimepitishwa njia ileile saa moja kabla yake, na mwano ulikuwa unalia nyuma yake, pande zote mbili. Yeye akaendelea kutembea. Wafuata nyayo walipofika walikuta kwato za maksai zimekanyaga nyayo za ng'ombe wa wizi, na mvua ikamalizia. Nyayo zikapotea. Wakamkuta yeye shambani, anapiga mluzi. Mluzi alijifunza kwa kuutazama mdomo wangu, na hajui unavyotoka.

"Nani hapa hakuusikia mwano ule?" kamanda aliwauliza vijana siku ya kikao.

Kamanda akamnyooshea fimbo mdogo wangu.

"Hata vikongwe wameusikia. Huyu alikuwa katikati yake. Badala ya kukimbilia yowe, anaswaga ng'ombe juu ya nyayo."

Nilisimama. Baba mdogo akanivuta kitenge. "Kaa, mwanangu. Hapa wanaongea wanaume."

"Ongea basi wewe."

Akafunga kifungo cha koti. Nikamgeukia mwenye duka. "Mwambie mzee mdogo wangu hasikii tangu ana miaka minne. Hakuuona mwano, na kuusikia hawezi. Mwambie maksai zile ni zako, na kazi ulimpa wewe, kwenda shambani asubuhi kama siku zote."

Mwenye duka akamwambia mzee maneno kama sita hivi.

"Umemwambia yote?"

"Nimemwambia kijana mgonjwa."

"Si mgonjwa."

"Binti, Kisukuma changu nimekipatia kwenye biashara. Nikuuzie shuka kwa Kisukuma, naweza, na nitakupunguzia bei. Haya ya kesi ni makubwa."

Wakacheka. Kwamba maksai ni zake nadhani hakulisema kabisa, maana mzee hakumtazama hata mara moja.

Kamanda alinikumbuka. "Siku ya kuandikisha nilikuuliza, ukasema ana aibu. Leo aibu imekuwa uziwi?"

Nilisema tu kwamba siku ile nilidanganya, leo nasema kweli. Ukishasema hivyo mbele ya watu, hakuna namna ya kulisema vizuri.

Kijana mmoja akasema, "Mpigieni debe nyuma tuone." Ikaonekana ni haki. Wakamsimamisha mdogo wangu akitazama ghala. Kijana akanyata nyuma yake na debe tupu, akaligonga kwa fimbo karibu kabisa na kisogo. Mdogo wetu wa mwisho akaziba masikio. Mdogo wangu hakutikisika. Kijana akagonga tena. Mdogo wangu alikuwa anamtazama mjusi ukutani.

Mzee akainama mbele. Kamanda akakuna kidevu. Kwa muda huo mfupi niliamini tutarudi wote nyumbani.

"Ameshaushtukia mchezo," mwingine akasema. "Amejikaza tu huyo." Alikuwa amekalia gogo. Akaliinua mabegani, akasogea nyuma yake, akaliachia.

Ardhi ilitikisika. Mdogo wangu akageuka pale pale, na akatabasamu, kama anavyotabasamu akigundua mtu amemfika nyuma.

"Anasikia! Bubu anasikia!" Walirukaruka, wengine wakapigana viganja.

"Anasikia kwa miguu," nilisema. "Ardhi ikitikisika anajua. Hata nyumbani namwita kwa kukanyaga chini."

Mwenye duka akanitazama. "Sasa hilo nilisemeje? Anasikia kwa miguu? Watatucheka sote."

"Sema hivyohivyo."

Akasema, na kweli walicheka. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Mzee peke yake hakucheka. Aliitazama miguu ya mdogo wangu mpaka kamanda alipoanza kusema.

Hukumu ilikuwa na njia mbili. Tulipe ng'ombe wanne, au nyumba yetu itengwe. Kutengwa maana yake hakuna wa kukupa moto wala chumvi, hakuna wa kukusaidia kuvuna, na ukifiwa unazika mwenyewe. Ng'ombe sisi hatukuwa nao hata mmoja. Hapo mzee akaongea kirefu, na mwenye duka safari hii akatafsiri vizuri, maana yalikuwa mambo ya hesabu: yeye hataki kijana apigwe. Wanawe wawili wamerudi walikotoka, hana mchungaji. Kijana akamchungie masika nne, kila masika ng'ombe mmoja. Zikiisha, arudi kwao.

"Tumekubali," baba mdogo alisema kabla sijafungua mdomo.

Mtu pekee ambaye hakuwa ameelewa lolote ni mdogo wangu. Jioni nilimkalisha uani nikaanza. Nikamwonyesha yeye. Nikamwonyesha mzee, kwa kushika fimbo na kupinda mgongo. Nikafanya pembe, nikaonyesha vidole vinne. Alinifuata vizuri. Halafu akanyamazisha mikono akafikiri. Mwaka uliopita binti wa baba mdogo alikuwa ameolewa na Msukuma, na ng'ombe wanane wa mahari walifungwa uani kwao, mdogo wangu akiwa mmoja wa waliowapokea. Akainuka, akaangalia uani kwetu, nyuma ya jiko, mpaka kwenye migomba. Akafanya pembe. Akafungua viganja vitupu mbele ya uso wangu. Ng'ombe wako wapi?

Nikatikisa kichwa. Nikaanza upya tangu kwenye wizi. Nikaigiza mwizi ananyemelea. Nikaigiza yowe: nikaweka mikono mdomoni, nikaachama. Aliutazama mdomo wangu kwa adabu, akisubiri kitakachotoka. Neno kosa hatukuwa nalo. Neno deni hatukuwa nalo. Hatukuwahi kuhitaji alama ya kusema jambo hili limetokea kwa ajili ya jambo lile. Tulikuwa tukionyesha vitu tu, na vitu vilitutosha. Nilirudia mpaka mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia. Mwisho mdogo wangu akanishika mikono yote miwili akaishusha mapajani mwangu, kama mtu anayemwambia mwingine basi, nimeelewa. Alichokielewa ni kwamba nimemuuza, na kwamba hata nilichouzia nimekificha.

Kesho yake alikwenda bila kutazama nyuma.

Boma la mzee lilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilikwenda karibu kila Jumapili, nikimpelekea karanga au viazi. Mke wa mzee alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nami nikajifunza kuitikia. Siwezi kusema walimtesa. Alikunywa maziwa, alinenepa, alipewa blanketi na viatu vya matairi. Vitu vyangu alivipokea kwa mikono miwili, halafu ananigeuzia mgongo. Mkigombana na mtu anayesikia, hata akikupa mgongo, unaweza kumsemesha akiwa hapohapo. Yeye akiniacha na mgongo nilikuwa sina pa kuongelea. Nilikanyaga chini. Alijua ni mimi, na hakugeuka.

Mwaka wa pili niliwakuta yeye na mzee zizini wanaongea. Mzee alishazoea kuishi na watu asiojua lugha yao. Mikono yake ilikuwa myepesi. Walikuwa na alama za rangi za ng'ombe, za ng'ombe mgonjwa, za maji yaliyo mbali. Mzee alisema kitu kwa vidole vitatu na kiwiko, mdogo wangu akacheka mpaka akashika tumbo. Nilisimama nje ya miiba na kapu langu. Sikuelewa hata kimoja.

Baada ya masika ya tatu malisho yalibana. Mzee akaamua kuhamisha ng'ombe kwenda kusini, bonde la Rukwa mpaka upande wa Chunya. Mkwe wake mpya, mwanamke aliyejua Kiswahili, alikuja kuniita. Nilifika nikakuta wameshaanza kutoa ng'ombe zizini.

"Baba anasema bado ng'ombe mmoja," aliniambia. "Ukiwa na mtamba, umlete, kijana abaki leo hii. Kama huna, twende naye masika hii moja."

"Na ikiisha, atarudi na nani? Njia ataulizaje?"

Akamwuliza mzee. Mzee akajibu kifupi.

"Anasema hata yeye hajui tutakuwa wapi."

Mtamba sikuwa naye. Nilikimbia kwa baba mdogo. Akasema amewapeleka ng'ombe wake wa mahari kwa watoto wake wa kiume waoe. Nilikwenda kwa mwenye duka, nikamkumbusha maksai zilikuwa za nani. Akasema biashara ni mbaya, akaninyooshea paketi ya majani ya chai. Niliiacha mezani.

Niliporudi kundi lilikuwa limeshashika njia, yeye nyuma kabisa na fimbo mabegani. Nilimpita nikasimama mbele yake ili anione. Nikamwonyesha nyumbani. Nikafunga kilemba cha hewa kichwani, kwamba kwa ajili ya mama, baki. Alinitazama sawasawa, mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Alikuwa ameota ndevu. Akafanya pembe, akainua kidole kimoja. Sijui kama alikuwa ananiambia kilichobaki au ananiuliza yuko wapi. Akanizunguka, akawafuata ng'ombe.

Mkwe wa mzee alisema nikipata mtamba nimwachie mwenye duka, wao watapata habari.

Nilirudi nyumbani nikauliza bei. Mtamba alikuwa magunia saba ya mpunga. Ghalani kwetu yalikuwepo matatu, na tulikuwa hatujaanza kuyala. Nikamwambia mdogo wetu wa mwisho kuanzia siku ile tutakula mihogo. Bado manne.