Tusi Nililolifanya Nenosiri

Nimekosa, tena kwa kujitakia! Jina langu silitaji, Tarime hii ni ndogo.

Nilikuwa mhudumu wa maktaba moja ya jamii pale Nkende. Miaka miwili niliijenga maktaba ya kwenye kompyuta kwa programu huria, zile ambazo hulipii na yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Nikazunguka mpaka Nyarero kuwarekodi wazee wakisimulia kwa Kikurya, ili mtu yeyote asikilize bure. Wa kwanza kumrekodi alikuwa mama yangu.

Akaletwa bosi, nimwite Chacha, shemeji wa mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Hata kuwasha mashine hajui! Kwenye mkutano akasimama mbele ya watu: "Hii kazi nimeifanya mimi mwenyewe." Mimi akanituma nikalete soda.

Jamani, niliwaka! Nikasema huyu nitamkomesha. Wageni walipokaribia kuja kuiona maktaba, nikazifunga rekodi zote kwa nenosiri, na nakala zote za pembeni nikazifuta ili asipate pa kukimbilia. Nenosiri lenyewe lilikuwa tusi refu la Kikurya, lake yeye na ukoo wake.

Siku ya wageni Chacha alibofya, akabofya, jasho likamtoka. Mimi nyuma ya rafu nacheka. Sidanganyi, nilisikia raha! Wiki hiyo hiyo nikaacha kazi.

Kisha mama akafariki. Dada yangu akaniambia, "Kaka, tuletee ile sauti ya mama, watoto waisikie." Nikaenda kumwangukia Chacha, nikakiri ni mimi. Akanipa kiti.

Nikaandika lile tusi. Likakataa. Kikurya chetu tunakiongea tu, kukiandika kila mtu na lake! Nikaongeza irabu, nikapunguza, nikaweka w, nikaitoa. Likakataa! Siku tatu nilishinda pale namtukana Chacha kwa maandishi, naye kakaa pembeni anakunywa chai. "Vipi bwana, bado?"

Fundi kutoka Mwanza akasema programu ni ya wote, lakini kufuli ni langu, na bila neno halifunguki.

Mle ndani mama anasimulia, halafu katikati anacheka kwa sababu kuku kaingia ndani.

Chacha bado namchukia, na hilo nalo naungama. Yuko kazini, na mama yake mzima, namwona sokoni anauza ndizi.

Wewe mwenye hasira, mtukane mtu usoni, akupige ngumi, yaishe. Usimfungie mlango ambao na mama yako yumo ndani!