Nilivyomnolea Rehema Viatu vya Barafu

Hili jambo nimekwepa kulisimulia mwaka mzima, na hata sasa nikilisimulia nasikia uso unapata moto. Mtoto wa dada yangu, Rehema, ana miaka kumi na mitatu na anacheza dansi kwenye barafu, na si kuteleza tu, akizunguka mikono yake inapanda taratibu kama anapepeta mchele, mpaka watu wanasahau kutafuna. Jumapili ile alikuwa na mashindano hapa Brussels, wasichana watatu wa kwanza ndio wangeingia timu ya vijana. Miaka sita ya kuamka alfajiri ilikuwa inasubiri dakika tatu.

Sasa mimi (niliacha shule darasa la sita, nimezunguka miji mingi, na kila kitu lazima nikiguse nikijue) nilikuwa nalala kwenye kochi la dada, mtaa wa Schaerbeek, na Jumamosi viatu vyake vilikuwa pale sebuleni. Nikapitisha kidole kwenye chuma cha chini, nikakuta katikati pana mfereji mwembamba, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikasema, masikini, kimelika! Nimenoa visu miaka miwili kwa muuza nyama Mturuki, nani ataniambia nini kuhusu chuma? Nikatoa jiwe langu, nikasugua saa nzima mpaka mfereji ukaisha, chuma kikawa bapa, kinang'aa. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe zawadi.

Kesho yake ukumbini wasichana sita wakaingia kwenye barafu kupasha mwili. Rehema akajisukuma mara moja tu, miguu ikakimbilia pembeni, puu! Akainuka, akaanguka tena. Ukumbi ukacheka kidogo. Kocha wake akakagua chuma, akamgeukia mzee anayenoa viatu pale ukumbini, akamfokea kwa Kifaransa mbele ya wote: "Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Mimi? Ijumaa nilivinoa vizuri, madame!" Mzee akavua miwani, akakikagua chuma mwenyewe.

Nami kimya (ndiyo, kimya, na hapo ndipo penye aibu yangu kubwa), naomba mzee akubali tu yaishe. Dada akanikazia macho.

"Wewe Juma, umevigusa?"

"Nilivisafisha kidogo..."

"Simama, useme kwa sauti!"

Nikasimama katikati ya wazazi wote, nikasema kwa Kifaransa changu cha jikoni kwamba ni mimi. Mzee hakunitukana, alinyakua viatu akakimbilia mashine yake, maana kumbe ule mfereji ndio unaokipa chuma kingo mbili za kushika barafu (alinieleza baadaye, na kumuuliza mtu kungenichukua dakika moja). Bahati Rehema alikuwa wa mwisho kucheza. Tukawa tunawahesabu, wa tatu, wa nne, na wa tano alikuwa anapigiwa makofi ndipo viatu vikarudi.

Akaingia bila kupasha. Mruko wa kwanza aliogopa, akajizungusha mara moja badala ya mbili. Yaliyobaki aliyacheza mpaka yule mzee akafuta macho.

Akawa wa nne.

Nilimfuata, nikaanza, samahani mwanangu, mimi nilidhani...

"Anko," akasema huku akifungua kamba, hata hakuniangalia, "si ungeniuliza?"

Siku hizi cha mtu sikigusi, hata kiwe kijiko, mpaka niulize. Na Rehema analala na viatu vyake chumbani, mlango kaufunga kwa ufunguo.