Kidole cha Mama na Nukta za Kioo

Kazini walimwita Bwana Nukta, maana kutwa alihesabu nukta za kioo cha kompyuta kama mtu anayechambua mchele. Hakuwa msemaji. Mama yake alipopigwa na kiharusi, ulimi ukafa, uhai ukabaki kwenye mkono wa kushoto na kidole chake kimoja. Ndipo akamtengenezea mdomo: tableti yenye picha tatu. Kushoto glasi ya maji, katikati mlango wazi, kulia kitanda. Mama akigusa, sauti inasema: maji, nje, kulala.

"Kumbe kichwa chako huzaa kitu, siyo upara tu!" dada yake alimtania. Mama akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Picha alikuwa amezipanga kwa hatua mia, ukingo hadi ukingo. Lakini kioo hakijui hatua, kinajua nukta, na kile kilikuwa na nukta elfu moja kwa upana. Basi programu ilizidisha hatua kwa kumi ili kuchora, na kidole kikigusa, iligawa nukta kwa kumi ili kuzirudisha kuwa hatua.

Tableti ile ilianguka ikavunjika. Akanunua kubwa zaidi, yenye nukta elfu moja na mia sita kwa upana. Kwenye kuzidisha akaandika kumi na sita. Picha zikakaa sawia. Akagusa maji, sauti ikasema maji. Akaridhika, akaenda zake kazini.

Kwenye kugawa, kumi ilibaki kumi.

Wiki tatu baadaye dada yake akamwambia, "Kaka, mama alikuwa ni kulala, kulala tu. Nikimlaza, machozi yanamtoka. Na sasa hata kugusa hagusi."

Bwana Nukta akagusa mlango. "Kulala," sauti ikasema. Akagusa kitanda, kimya. Akaifungua programu. Katikati ya kioo kipya ni nukta ya mia nane. Igawe kwa kumi, unaangukia hatua ya themanini, kitandani. Na kitanda chenyewe kinaangukia ng'ambo ya hatua ya mia, pasipo na picha.

Tableti ilitunza kumbukumbu ya kila mguso. Mara arobaini na moja mama aliomba kutolewa nje. Mara arobaini na moja walimfungia pazia. Siku moja peke yake, mara tisa.

"Na mimi namwambia, 'Lala basi mama, si umesema mwenyewe?'" dada yake akasema, akaketi sakafuni.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Bwana Nukta akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ulikuwa unagusa sawa. Mimi mwanao ndiye niliyekosea. Jaribu tena, mama yangu."

Mama alikitazama kioo, kisha akaurudisha mkono chini ya shuka.

Wakambeba hadi uani, wakamkalisha kwenye kiti juani. Bwana Nukta akamwekea tableti mapajani.

"Sema lolote, mama. Safari hii tutasikia."

Mama akafumba macho, kama walivyomzoeza kila alipoomba kutoka nje.