Debe la Shemeji

Majirani walimwita Mama Mistari, kwa sababu maharage yake yalisimama kwa mistari iliyonyooka kana kwamba ilipigwa kwa rula. Walimtania kwamba hata kabla ya kulala lazima alipime shuka kwa kamba. Shamba aliachiwa na marehemu mumewe, ambaye naye aligawiwa na baba yake, siku mzee alipokokota jembe ardhini na kusema huku ni kwa mkubwa, huku ni kwa mdogo. Waliosikia maneno hayo wote wameshazikwa. Hati haikuandikwa.

Kila baada ya mavuno alimpelekea shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, debe la maharage. Mtu alikuwa mgonjwa, hawezi tena kushika jembe, nani angemnyima? Hakuna aliyemwagiza. Shemeji alipofariki, debe likaendelea kwenda kwa mwanawe, mfanyabiashara wa mjini, maana kulikatisha kungeonekana kama alikuwa akikisubiri kifo hicho.

Mwaka huu mtoto wa shemeji alilifuata mwenyewe. Alikuja na mwenyekiti wa kijiji, pamoja na wanaume wawili wasiojitambulisha, ambao waliingia moja kwa moja shambani wakikanyaga mashina bila kuangalia chini. Mtoto wa shemeji akaketi barazani, akaisifu chai, akaulizia magoti ya mama yanaendeleaje. Kisha, kwa sauti ileile:

"Mama mdogo, debe letu la mwaka huu liko wapi?"

Hakuwa amewahi kuliita letu. Mama Mistari alianza kusema kwamba bado hajapepeta, lakini mke wa mwanawe, binti aliyelelewa akaleleka, alikuwa ameshasikia kutoka jikoni. Akatoka nalo limejaa tayari, akapiga goti, akalitua miguuni pa mgeni. Hakuna wa kumlaumu. Adabu hiyo alifundishwa na mama mkwe mwenyewe.

"Mwenyekiti, umeona," alisema mtoto wa shemeji. "Kila mavuno ni hivi hivi, tangu enzi za baba. Mtu hatoi debe kwa shamba lake mwenyewe."

"Nilikuwa nawapa chakula, mwanangu. Sikuwa nalipa kodi."

"Sasa mama, si kitu kilekile?" Akacheka kidogo. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha.

Mwenyekiti alitazama ndani ya kikombe chake. Kila mwaka yeye pia alipata kisado chake cha maharage hayo, ila hakulitaja hilo.

Kutoka shambani nyundo ikaanza kugonga chuma. Vigingi vya mpaka vilikuwa vinashuka katikati ya mistari, kwa mshazari. Upande wa bondeni maganda yalikuwa yamekauka. Yakiachwa wiki hii yatapasuka na kumwaga kila kitu chini. Mama Mistari aliuliza, taratibu, kama anaweza kumalizia kuvuna kule chini.

"Vuna tu, mama mdogo. Nani amekukataza?"

Hapo ndipo Mama Mistari aliposikia alichokisema mwenyewe. Alikuwa ameomba ruhusa. Mwenyekiti aliinua uso kwa mara ya kwanza, akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyekwisha kusikia ushahidi wa kutosha.